Anasota, hatambai: maswali yenu kuhusu kukaa, kusimama dede na kutembea

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sauti mbalimbali: mtoto wa fulani keshaanza kwenda tata, wangu bado. Tumejibu nane. Waliotutumia video tunawashukuru, maana sekunde kumi za mtoto akicheza mkekani hueleza kuliko kurasa mbili za maandishi.

Mwanangu ana miezi 11 na hajatambaa hata siku moja. Anakaa vizuri, na akitaka kitu anasota kwa matako: mguu mmoja ameukunja, mwingine anaupiga kama kasia. Jirani ana mtoto wa miezi 10 anayetembea, na mke wangu hapati usingizi. Tumpeleke kwa daktari?
*Baba, Muscat*

Baba, umeuliza ukiwa mahali penyewe. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujua watoto wenye afya njema hufikia kila hatua wakiwa na umri gani, Oman ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizopima, pamoja na Ghana, India, Norway na Marekani. Watoto 816 walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Kukaa bila kuegemea: kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama kwa kushikilia: 4.8 hadi 11.4. Kutambaa kwa magoti na viganja: 5.2 hadi 13.5. Kutembea kwa kushikilia: 5.9 hadi 13.7. Kusimama peke yake: 6.9 hadi 16.9. Kutembea mwenyewe: 8.2 hadi 17.6. Tazama huo mwisho. Kati ya wa mapema na wa mwisho kuna zaidi ya miezi tisa, na wote ni wazima. Wa kwako na wa jirani wamo humo humo.

Kutambaa ndiyo hatua ambayo mtoto anaweza kuiruka asipungukiwe na kitu. Katika kundi hilo watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa magoti kabisa. Wanaosota huchelewa kidogo kutembea, wengine mpaka wapite mwaka na nusu. Sababu yake ni rahisi: aliyekaa wima, mikono yote miwili huru, na bado anafika anakotaka, hana haraka ya kusimama. Waulizeni wazee wa pande zote mbili. Mara nyingi hujitokeza baba mdogo au shangazi aliyekuwa akisota vivyo hivyo.

Kabla ya kutulia, fanyeni ukaguzi wa dakika tano. Mshike kwapani, umwinue, kisha umteremshe polepole mpaka nyayo ziguse sakafu. Msotaji wa kawaida hukunja miguu hewani kama aliyekaa kitini, akakataa kukanyaga. Hiyo ni tabia yake na itaisha. Ila miguu ikikakamaa, ikapishana kama mkasi na vidole vikaelekea chini, au ikining'inia tepetepe kama kanga iliyoloa, hilo ni jambo jingine na linahitaji daktari. Kisha mlaze chali, mkunje magoti, nyayo zikanyage kitanda: magoti yawe kimo kimoja. Fungua mapaja kama unabadilisha nepi: yafunguke sawasawa pande zote. Goti moja likiwa chini ya mwenzake, au paja moja likikataa kufunguka, nyonga imeshukiwa, na nyonga iliyoteguka tangu kuzaliwa haijirekebishi kwa kusubiri.

Mwisho, ule mguu anaoupiga kasia. Ni uleule kila siku? Na mkono wa upande wa pili anautumia kama mwenzake? Kama upande mmoja wa mwili ni mvivu, mguu na mkono pamoja, nendeni mwezi huu. Kama yote yako sawa, subirini, na akifika miezi 18 hajatembea mpelekeni hata kama hamna wasiwasi wowote.

Mjukuu wangu ana miezi mitatu na nusu. Mama yake anamlaza chali mchana na usiku, ati ndivyo alivyoambiwa kliniki. Kisogo kimeanza kuwa bapa na shingo bado inayumba. Sisi watoto wetu tuliwakalisha kwenye beseni, tukawazungushia kanga, wakakaza mapema. Nani amekosea hapa?
*Bibi, Mombasa*

Shikamoo bibi. Mkwe wako ameshika nusu ya maneno ya kliniki. Kulala chali ni kwa ajili ya usingizi, kwa sababu watoto wanaolala kifudifudi hufa ghafla usingizini zaidi ya wanaolala chali. Hapo hapana mjadala, usingizi wa usiku wala wa mchana. Lakini akiwa macho na mtu yupo karibu, alazwe kifudifudi. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto ambaye hajaanza kutambaa apate walau dakika 30 za namna hiyo kwa siku, zikigawanywa vipande vipande.

Tandika mkeka sakafuni. Godoro linabonyea, na mtoto hana pa kujisukumia. Vingirisha kanga iwe nene kama kifundo cha mkono wako, uipitishe chini ya kifua, kwapani, mikono yake ikiwa *mbele* ya kanga na viwiko vikiwa chini ya mabega. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mikono inabaki nyuma au inafinywa chini ya tumbo, mtoto anagonga pua, analia, mama anasema "huyu hapendi". Kisha wewe mwenyewe lala chini uso kwa uso naye. Kichezeo chochote hakifiki uso wa bibi. Anza na dakika mbili au tatu, mara tano au sita kwa siku, baada ya kubadilishwa nepi, si baada ya kunyonya, maana atacheua. Akilaza kichwa na kuanza kunung'unika mgeuze, usingoje kilio. Anayekataa sakafu kabisa alazwe juu ya kifua cha mtu aliyeegemea nusu. Hiyo nayo inahesabika.

Utaona hivi: wa mwezi mmoja huinua kichwa kidogo na kukigeuza upande, wa miezi miwili hukiinua mpaka nusu ya njia, wa mitatu hadi minne huegemea viwiko na kutazama mbele, wa mitano hadi sita hunyoosha mikono kabisa na kuinua kifua. Huyo wako, akifika miezi minne kamili na kichwa bado kinaanguka nyuma unapomvuta mikono akae, apelekwe.

Kisogo bapa hurudi chenyewe mtoto anapoanza kukaa. Kwa sasa badilisheni upande anaolazwa kichwa, leo kuelekea mlango, kesho kuelekea ukuta, kwa sababu atageukia kwenye mwanga na watu. Msimwekee mto. Ila kama hawezi kabisa kugeuza shingo upande mmoja, msuli wa shingo umejikaza. Mtaalamu wa fiziotherapia atamfundisha mama yake namna ya kuunyoosha, na ukiwahi mapema haukawii kulegea.

Na beseni? Hapo bibi una haki yako. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super alichapisha aliyoyaona kwa Wakipsigis wa Kenya, ambao huwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, hata kwa kuwakalisha kwenye shimo fupi lililotandikwa nguo. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani kwa takriban mwezi mzima. Kwa mambo wasiyofundishwa hivyo, kama kutambaa, hawakuwatangulia. Maana yake mazoezi yanafanya kazi, ila kwa kile kinachofanyiwa mazoezi. Kwa hiyo beseni sawa, kavu, kanga pande zote, dakika tano hadi kumi, mtu akiwapo. Lakini subiri shingo ikaze kwanza. Ukimkalisha sasa atajikunja kama gunia, kidevu kifuani, na hewa itapita kwa shida.

Mbeleko endeleeni nayo. Magoti yakiwa juu kuliko matako na mapaja yamefunguka kama chura, nyonga zinakaa pazuri. Kinachoziumiza ni kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa pamoja kama fimbo.

Nimezawadiwa kigari cha matairi cha kujifunzia kutembea. Mtoto ana miezi saba na anakipenda. Nimtie kwa muda gani kwa siku?
*Mama, Kisumu*

Usimtie kabisa. Canada imepiga marufuku kuviuza tangu mwaka 2004, hata vilivyotumika. Mtoto ndani ya kigari huenda zaidi ya mita moja kwa sekunde, na wewe ukiwa umegeuka kuchukua mwiko keshafika kwenye jiko la mkaa, au amevuta kitambaa cha meza chenye chupa ya chai. Na hakimharakishi kutembea. Ananing'inia kwenye kitambaa, anasukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, hajifunzi kuanguka wala kujizuia asianguke.

Anayekaribia kutembea mpe kitu cha kusukuma: kreti tupu la soda, utie ndani nguo au mifuko miwili ya unga wa kilo mbili ili lisimkimbie. Likiteleza mno ongeza uzito, likigoma punguza. Na awe peku. Nyayo tupu zinahisi sakafu, na vidole vinajishika. Viatu ni vya nje, soli laini inayokunjika mkononi mwako bila nguvu.

Mwanangu ana mwaka na miezi minne. Alikuwa akisimama dede na kufuata ukuta. Tangu nipate mimba nyingine na kumwachisha ziwa amerudi nyuma. Anakaa tu, hataki kucheza, analia kwa sauti ya chini, nywele zimekuwa nyepesi na nyayo zimejaa. Mama mkwe anasema tumembemenda, na amemwita mtu wa dawa.
*Mama, Tabora*

Dada, funga safari leo. Jibu lililobaki utalisoma njiani.

Kwa wasomaji wa mbali: *kubemenda* ni imani kwamba mtoto anayenyonya hudhoofika na kushindwa kutembea wazazi wakikutana kimwili kabla ya wakati, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, au mama akishika mimba upesi. Mama mkwe wako ameona kitu cha kweli: mtoto kweli ameporomoka baada ya mimba. Ila tendo la ndoa haliharibu maziwa, wala mimba haiyageuzi kuwa sumu, na mama mwenye mimba salama anaweza kuendelea kunyonyesha. Kilichotokea ni kwamba ziwa limeondolewa ghafla, na mahali pake pakaingia uji mwepesi wa mahindi. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams alikuta jambo hili hili Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Akawauliza Waga, kabila la huko, wanaliitaje, akaambiwa *kwashiorkor*, ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Ndiyo hiyo kwashakoo yetu, unyafuzi. Makabila mawili yaliyo mbali hivyo yaliona ugonjwa uleule, kila moja likautafutia maelezo yake.

Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabu taratibu mpaka tatu, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali, hata kama mizani inasoma vizuri, kwa sababu mizani inapima na maji. Kliniki watampima pia mkono kwa utepe, katikati ya bega na kiwiko: chini ya sentimita 11.5 ni hatari, kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa kadiri.

Jambo moja la kuzuia nyumbani: msimshindilie mayai na nyama kwa huruma. Mwili uliodhoofu kiasi hicho hauwezi kubeba chakula kizito siku za kwanza, na watoto wamekufa kwa kulishwa haraka. Hospitali huanza na maziwa maalumu kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, usiku pia, na kumkinga na baridi. Chakula dawa cha karanga hufuata uvimbe unapopungua na hamu ya kula inaporudi. Kumchezesha na kumkumbatia ni sehemu ya matibabu yenyewe, siyo nyongeza. Utaona anarudi kwa mpangilio: kwanza anacheka, kisha anataka kitu mkononi, kisha anasogea, ndipo anasimama. Akifika nyumbani uji wake uwe mzito wa kushika kijiko, na ndani mna kitu: karanga zilizosagwa, dagaa waliotwangwa, yai, maharage yaliyochujwa, kijiko cha mafuta. Milo mitano, siyo mitatu.

Tunaongeza hili kwa wengine wote. Mtoto aliyechelewa anaweza kusubiriwa. Mtoto aliye*poteza* alichokijua hasubiriwi, umri wowote. Aliyekuwa akitembea akagoma ghafla, ana homa, na hataki nyonga au goti liguswe, aende siku hiyo hiyo: usaha ndani ya kiungo hukila ndani ya siku chache. Wa kati ya miezi sita na miaka miwili ambaye vidole vya mikono au miguu vimevimba kama soseji na hataki kukanyaga, apimwe selimundu. Aliyepauka viganja, anayechoka upesi na kula udongo, apimwe damu, na minyoo isisahauliwe.

Mapacha wangu walizaliwa wiki ya 32. Sasa wana miezi 9 na ndiyo kwanza wanakaa kwa kuyumba. Kadi inanitisha.
*Mama wa mapacha, Morogoro*

Mimba kamili ni wiki 40. Ondoa 32, zinabaki 8, yaani miezi miwili kasoro kidogo. Wapime kama watoto wa miezi 7, na kwa miezi 7 kukaa kwa kuyumba ni sawa kabisa. Hesabu hiyo iendelee mpaka watimize miaka miwili, kwa hatua za mwili na kwa uzito. Chanjo ndizo zisizokokotolewa: zifuate tarehe ya kuzaliwa, na wengi wanakosea hapo kwa kudhani wanawahurumia.

Njiti wana hatari zaidi ya mtindio wa ubongo, kwa hiyo tazama miguu yao wanapobadilishwa nepi. Mapaja yanayokaza kila siku mpaka unapata taabu kuyafungua, ngumi zilizofumbwa baada ya miezi minne ya umri uliokokotolewa, au mgongo unaojipinda nyuma kama upinde kila anapobebwa, ni mambo ya kumwonyesha mtaalamu mapema. Ubongo wa mwaka wa kwanza unafundishika kuliko wa miaka mitatu.

Binti yangu wa miezi 20 ana matege. Mama yangu anasema ni kwa sababu nilimbeba ubavuni na kumvisha nepi nene. Tunaishi karibu na Usa River, na kaka zake wakubwa meno yao ni ya kahawia. Nimfunge miguu usiku?
*Mama, Arusha*

Usimfunge. Kitambaa hakinyooshi mfupa, na kubeba ubavuni hakuupindi. Kila mtoto huzaliwa na miguu iliyojipinda kidogo kwa namna alivyokunjika tumboni, na upinde huonekana zaidi anapoanza kukanyaga. Karibu na miaka miwili hunyooka, halafu hupitiliza upande wa pili: kwenye miaka mitatu na minne magoti hugongana, na mama yuleyule aliyelalamikia matege analalamikia magoti. Kufikia miaka saba hivi mengi yamekaa sawa.

Pima hivi. Mlaze chali, miguu imenyooka, vifuniko vya magoti vitazame juu, vifundo vya miguu viguse. Weka rula katikati ya magoti, andika tarehe na sentimita nyuma ya kadi ya kliniki, rudia kila baada ya miezi mitatu. Ikipungua, tulia. Mpeleke ikiwa nafasi inazidi sentimita 6, au inaongezeka baada ya miaka miwili, au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, au mtoto ni mfupi kuliko wa rika lake. Shika pia kifundo cha mkono: kikiwa kinene kama kina kiungo cha pili, mbavu zina vinundu mstarini kama tasbihi, meno yamechelewa na utosi bado wazi, hiyo ni rikets, yaani mifupa kuwa laini, na matibabu yake ni vitamini D na kalsiamu, siyo viatu vya chuma. Anayenyonya bila nyongeza na kufungiwa ndani kutwa anahitaji uniti 400 za vitamini D kwa siku. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yake ni kalsiamu ya bei nafuu kuliko kopo lolote la dukani.

Sasa meno ya kaka zake. Kahawia hiyo, ukanda wa Meru, ni alama ya floraidi kwenye maji, na floraidi nyingi kwa miaka hupinda mifupa ya miguu. Kwa miezi 20 matege ya binti yako si lazima yatokane nayo, lakini huu ndio umri wa kumkinga, maana meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo unaizidisha. Maji yake ya kunywa na ya uji yawe ya mvua, au yaliyopitishwa kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa kama kinachofanyiwa kazi na kituo cha Ngurdoto, hapo hapo jirani kwenu. Na magadi unayotia kwenye maharage na makande yaache. Magadi ya huko nayo yanabeba floraidi, na watu wengi wanabadilisha maji wakasahau chungu.

Kijana wangu ana miaka minne. Alitembea akiwa na miezi 19. Anaanguka ovyo, ngazi anapanda kwa kuweka miguu yote miwili kila kidato, na hawezi kuruka. Lakini mashavu ya miguu yake ni manene, kama ya mcheza mpira, ndiyo maana baba yake anasema ana nguvu. Je, ni uvivu?
*Mama, Eldoret*

Mama, hapana, si uvivu. Wa miaka minne hupanda ngazi kwa kupokezana miguu, husimama kwa mguu mmoja sekunde chache na kuruka kwa mguu mmoja. Fanya jaribio hili jioni: mlaze chali katikati ya sakafu, mbali na kiti au ukuta, kisha mwite ainuke haraka. Mtoto wa umri wake hunyanyuka moja kwa moja, pengine akigusa chini kwa mkono mmoja. Tazama kama wa kwako anajigeuza kwanza kifudifudi, anainua matako, anatanua miguu, kisha anaweka mikono juu ya magoti na kuipandisha mapajani hatua kwa hatua, kama mkwezi anayepanda mnazi, ila mnazi wenyewe ni mwili wake. Mrekodi kwa simu.

Akifanya hivyo, na ukijumlisha mashavu manene ya miguu, ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne lazima utafutwe. Huwapata wavulana karibu peke yao. Unene ule si nguvu. Msuli unaokufa unajazwa mafuta na makovu. Omba kipimo cha damu cha kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, CK kwenye karatasi ya maabara. Kikiwa mara kumi na zaidi ya kiwango, njia imejulikana. Angalizo: vipimo vya ini navyo hupanda katika ugonjwa huu, kwa sababu vimeng'enya hivyo vimo pia ndani ya misuli, na wapo watoto wanaotibiwa ini miezi mingi bure. Taja kama mjomba wake yeyote wa upande wako alikuwa na udhaifu wa miguu.

Dawa ya kuuondoa kabisa haipo. Dawa za steroidi kama prednisoloni, zikianzishwa kwa wakati, humwongezea miaka ya kutembea, na kunyoosha vifundo vya miguu kila siku huzuia visikaze. Msimkimbize mazoezi ya kuongeza nguvu; yanararua misuli zaidi. Na siku yoyote akihitaji kupasuliwa, mwambieni mtu wa nusu kaputi kabla, kwa sababu baadhi ya dawa za kulegeza misuli ni hatari kwake.

Swali dogo. Wa kwangu ana miezi minane na kila kitu anachukua kwa mkono wa kushoto. Nimzuie mapema?
*Mama, Zanzibar*

Ushoto si tatizo. Umri ndio unaotutia shaka. Kabla ya mwaka mmoja mtoto hutumia mikono yote miwili bila ubaguzi. Kuchagua mkono huja baada ya hapo, na kwa wengi hukaa sawasawa kwenye miaka miwili na kuendelea. Wa miezi minane asiyegusa kitu kwa mkono wa kulia pengine mkono huo una udhaifu. Mpe kijiko upande wa kulia, ushike wa kushoto kwa upole, uone. Ukinyooka, ukakamata, ukahamisha kwenda kwenye mwenzake, sawa. Ukibaki umefumba ngumi, kidole gumba ndani, mwonyeshe daktari wiki hii.

Na mkiwa mnasubiri zamu kliniki, mtazameni vidole. Wa miezi sita hukomba kitu kwa kiganja kizima. Kati ya miezi tisa na kumi na miwili, punje ya wali iliyodondoka mkekani ataitazama, atainamisha mkono, na kuiokota kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada. Wali laini tu. Karanga, njugu na shanga zisiwe karibu naye, maana kinachofuata ni mdomoni.